Hiari na Utumwa: Historia ya Wazo la Uhuru katika Udhanaishi, 1843–1963

1. Utangulizi

Katika mhadhara alioutoa mjini Paris tarehe 29 Oktoba 1945, Jean-Paul Sartre alisimulia habari za mwanafunzi wake mmoja aliyemwendea wakati wa vita kumwomba shauri. Kaka yake kijana huyo alikuwa ameuawa katika mashambulio ya Wajerumani ya mwaka 1940. Baba yake alielekea kushirikiana na adui. Mama yake alibakiwa na faraja moja tu duniani, nayo ni mtoto huyo. Kijana alitaka kwenda Uingereza kujiunga na majeshi ya Wafaransa Huru, lakini alijua kwamba kuondoka kwake kungemtumbukiza mama yake katika kukata tamaa. Mwalimu hakumpa jibu ila moja: kwamba yeye ni huru, na kwa hiyo hana budi kuchagua mwenyewe.

Jibu hilo limesifiwa na kulaumiwa tangu siku hiyo. Waliolisifu waliona ndani yake heshima kuu apewayo binadamu, yaani heshima ya kutochaguliwa na mtu mwingine. Waliolilaumu waliuliza kama jibu lile lile lingeweza kupewa mtu ambaye nchi yake haikutwaliwa kwa miaka minne kama Ufaransa, bali kwa miaka sabini na mitano kama Kongo. Makala haya yanakusudia kufuata historia ya wazo hilo la uhuru kwa muda wa miaka mia moja na ishirini, kuanzia kitabu cha Søren Kierkegaard cha mwaka 1843 hadi dibaji ambayo Sartre aliiandika mwaka 1963 kwa ajili ya hotuba za Patrice Lumumba. Hoja yake kuu ni kwamba udhanaishi haukuzaliwa ukiwa na maana moja ya uhuru. Maana hiyo iligeuzwa na historia, na waliosaidia kuigeuza ni pamoja na wale ambao uhuru wao ulikuwa umenyang'anywa.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yanayofaa kutenganishwa tangu mwanzo. Neno «uhuru», lenye asili ya Kiarabu, lilihusu kwanza hadhi: mtu huru ni yule asiye mtumwa. Neno «hiari» nalo lilitoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kuchagua, shina lile lile lililozaa neno «heri». Uhuru ni hali ambayo mtu anaweza kupewa au kunyang'anywa. Hiari ni tendo ambalo hakuna awezaye kulitenda kwa niaba ya mwingine. Wahenga walisema: «Hiari yashinda utumwa.» Swali ambalo wanaudhanaishi walihangaika nalo ni hili: je, hiari yaweza kuushinda utumwa wakati utumwa wenyewe bado ungalipo?

2. Kierkegaard: kuchagua nafsi

Kierkegaard alizaliwa Copenhagen, Denmaki, mwaka 1813, akafa huko huko mwaka 1855. Katika zama zake falsafa ya Hegel ilikuwa imetawala vyuo vya Ulaya ya kaskazini. Falsafa hiyo ilieleza historia nzima ya binadamu kama safari ya akili inayojitambua hatua kwa hatua. Kierkegaard hakukana kwamba mfumo huo ulikuwa jengo kubwa. Alichokataa ni kwamba mtu mmoja mmoja angeweza kuishi ndani yake. Mwaka 1841 alivunja uchumba wake na Regine Olsen, na uamuzi huo, ambao hakuna mfumo wowote ungeweza kumfanyia, uliacha alama katika maandishi yake yote.

Mwaka 1843 alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe ni mtihani: «Ama hiki, ama kile.» Humo mna mtu anayeonja starehe za dunia bila kujifunga popote, na mna hakimu anayemjibu kwamba asiyechagua huchaguliwa na siku zinazopita. Kwa hakimu huyo, jambo kubwa katika uchaguzi haliko katika kitu kinachochaguliwa tu, bali katika mtu kuichagua nafsi yake na kukubali kudaiwa kwa ajili yake. Mwaka huo huo, katika kitabu kuhusu Ibrahimu mlimani Moria, mwanafalsafa huyo alionyesha uchaguzi usioweza kuelezwa kwa jirani wala kwa mke. Mwaka uliofuata aliandika juu ya fadhaa, ile hofu isiyo na kitu maalumu cha kuogopwa, ambayo humshika mtu anapotambua kwamba anaweza. Hapo msamiati wa udhanaishi ulikuwa umekwisha kuwekwa: uchaguzi, fadhaa, dhamana ya mtu binafsi. Lakini mtu huyo wa Kierkegaard alisimama peke yake mbele ya Mungu. Bwana na mtumwa hawakuwemo katika picha.

3. Onyo la mwaka 1933

Mawazo hayo yalichukuliwa upya Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1927 Martin Heidegger alitoa kitabu chake «Sein und Zeit», alimoeleza kwamba binadamu kwa kawaida huishi kama «watu» wanavyoishi, husema kama «watu» wanavyosema, hata siku anapokikabili kifo chake mwenyewe na kujitwaa. Karl Jaspers, aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa mwanafalsafa, alifundisha kwamba mtu hujifahamu katika hali za mpaka: kifo, mateso, mapambano na hatia.

Mwaka 1933 historia iliwauliza wote wawili. Heidegger alikubali kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg na akajiunga na chama cha Nazi. Aliacha ukuu huo mwaka 1934. Jaspers, ambaye mkewe alikuwa Myahudi, alikataa kutengana naye, akafukuzwa katika ualimu mwaka 1937. Baada ya vita, mwaka 1946, alichapisha kitabu juu ya hatia ya Wajerumani, akitenganisha hatia ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili na ile ambayo Mungu pekee ndiye mwamuzi wake.

Tofauti ya watu hao wawili ni fundisho lisiloweza kupuuzwa. Ikiwa kinachotakiwa ni mtu kuamua kwa moyo wote tu, basi hata aliyeamua kumfuata dhalimu ameamua. Uhuru usio na kipimo kingine nje ya nguvu ya uamuzi unaweza kuitumikia minyororo. Kwa hiyo wanaudhanaishi waliofuata walikuwa na deni la kueleza ni kwa nini uhuru wa mmoja hauwezi kujengwa juu ya utumwa wa mwingine.

4. Sartre na miaka ya vita

Sartre alizaliwa Paris mwaka 1905. Alitekwa na Wajerumani mwezi Juni 1940, akafungwa katika kambi ya Trier, akaachiliwa mwezi Machi 1941. Mwaka 1943, Paris ikiwa bado chini ya majeshi ya Ujerumani, alichapisha «L'Être et le Néant». Hoja yake inaweza kufupishwa hivi. Kitu kilichotengenezwa, kwa mfano kisu, kilikuwa na kiini chake katika mawazo ya fundi kabla ya kuwepo. Binadamu hana fundi wa namna hiyo: kwanza yupo, kisha hujifanya kuwa hivi au vile kwa matendo yake. Kwa hiyo hana kisingizio. Anayesema «ndivyo nilivyoumbwa» au «ndiyo kazi yangu» anajighilibu. Mhudumu wa mkahawa anayetembea, kuinama na kubeba sinia kana kwamba yeye ni mhudumu tu na si kitu kingine, anacheza mchezo wa kujificha uhuru wake.

Mwezi Septemba 1944, majuma machache baada ya Paris kukombolewa, Sartre aliandika makala mafupi yaliyowashangaza wengi. Alidai kwamba Wafaransa hawakupata kuwa huru kama walivyokuwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani. Maana yake haikuwa kwamba ukaliaji ulikuwa mwema. Kila neno lilipoweza kumpeleka mtu gerezani, kunyamaza na kusema vyote viwili vilikuwa vitendo. Na aliyeteswa ili awataje wenzake alikuwa na uamuzi ambao hakuna aliyeweza kumwondolea. Hapa udhanaishi ulikaribia sana methali ya Waswahili: hiari inaushinda utumwa, hata ndani ya chumba cha mateso.

Ni fundisho lenye nguvu, nalo lilizaliwa katika saa iliyolihitaji. Hata hivyo lilikuwa na kasoro. Mfungwa wa Sartre alikuwa mtu aliyekulia katika uhuru, akanyang'anywa, akakumbuka. Alijua alichopoteza. Vipi kuhusu mtu ambaye alizaliwa akaukuta mlango umefungwa, na akafundishwa kuwa ukuta huo ni mwisho wa dunia?

5. Pingamizi za marafiki

Swali hilo liliulizwa kwanza nyumbani kwake Sartre. Simone de Beauvoir, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1960, alieleza kwamba tangu mwaka 1940 walibishana juu ya jambo hili. Sartre alishikilia kuwa hakuna hali ambayo binadamu hawezi kuivuka kwa hiari yake. Beauvoir alimuuliza ni kuvuka gani kunakowezekana kwa mwanamke aliyefungiwa ndani ya nyumba ya wake wa sultani. Mwaka 1947, katika «Pour une morale de l'ambiguïté», alijibu mwenyewe: kutaka uhuru wangu ni kutaka pia uhuru wa wengine, kwa kuwa mradi wangu unahitaji watu huru wa kuupokea na kuuendeleza. Mwenye kuwadhulumu wengine anaupinga uhuru ule ule anaojidai kuutumia. Deni la mwaka 1933 lilianza kulipwa.

Miaka miwili baadaye, katika «Le Deuxième Sexe», Beauvoir alionyesha kwa mifano mingi jinsi mwanamke anavyofanywa kuwa mwanamke kwa malezi, sheria, ndoa na hadithi anazosimuliwa tangu utotoni. Kuna unyonge ambao mtu huukubali kwa kujighilibu, na huo ni kosa lake. Lakini kuna unyonge ambao amebebeshwa, na huo ni dhuluma. Kuchanganya hayo mawili ni kumlaumu aliyefungwa kwa sababu hatembei.

Maurice Merleau-Ponty naye, katika sura ya mwisho ya «Phénoménologie de la perception» ya mwaka 1945, alisema kwamba kama uhuru uko kila mahali kwa kiasi kile kile, basi hauko popote, kwa maana hauwezi tena kutofautisha tendo na tendo. Mtu huchagua akiwa na mwili, na mazoea, na historia iliyokwisha kumwelekeza upande fulani kabla hajafungua kinywa.

6. Koloni kama kipimo

Kipimo kikali zaidi kilitoka nje ya Ulaya. Mwaka 1948 Sartre aliandika «Orphée noir», dibaji ya diwani ya washairi weusi iliyokusanywa na Léopold Sédar Senghor. Aliusifu ushairi huo, lakini akaieleza negritude kuwa ni hatua ya kupita tu katika safari kuelekea jamii isiyo na rangi. Frantz Fanon, daktari kijana kutoka Martinique, alimjibu mwaka 1952 katika «Peau noire, masques blancs». Malalamiko yake yalikuwa ya mwanaudhanaishi dhidi ya mwanaudhanaishi: aliyefundisha kwamba binadamu hujifanya mwenyewe amemwambia mtu mweusi kwamba nafasi yake imekwisha kuandikwa katika historia. Fanon aliongeza jambo ambalo «L'Être et le Néant» haikulijua vya kutosha. Jicho la mwingine humfanya kila mtu ajione kitu. Lakini jicho la mkoloni lina sheria, polisi na shule nyuma yake.

Koloni lilikuwa limegeuza fundisho la udhanaishi juu chini: kwa mtawaliwa, kiini kilitangulia kuwepo. Katika Kongo ya Wabelgiji Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa «évolués» aliweza, tangu mwaka 1948, kuomba kadi ya sifa za uraia, na tangu mwaka 1952 kuomba kuandikishwa rasmi. Mwenendo wake ulichunguzwa, na hata nyumba yake ilikaguliwa. Hivyo aliruhusiwa kujifanya mtu mwingine, ila kwa kielelezo kilichochorwa na wengine. Patrice Lumumba, karani wa posta huko Stanleyville, aliandikishwa mwaka 1954.

Vita vya Aljeria, vilivyoanza mwaka huo huo wa 1954, viliwagawa wanafalsafa wa Paris. Albert Camus, aliyezaliwa Aljeria mwaka 1913 na ambaye siku zote alilikataa jina la mwanaudhanaishi, alikuwa amekwisha kugombana na Sartre mwaka 1952 juu ya uasi na mipaka yake. Camus alihofia kwamba uhuru unaoua wasio na hatia hujiua wenyewe; Sartre alijibu kwa vitendo kwamba kutochagua upande ni kuchagua upande wa mwenye nguvu. Mwezi Septemba 1960 aliweka sahihi yake katika tangazo la watu 121 waliotetea haki ya kukataa kupigana Aljeria. Nyumba yake ilitegwa bomu mwaka 1961, na tena mwaka 1962.

Mwaka huo wa 1960 kilitoka pia kitabu chake «Critique de la raison dialectique», ambamo alikiri uzito wa vitu na wa uhaba. Watu wanaosubiri basi katika foleni wako pamoja lakini kila mmoja yu peke yake. Watu walioiteka Bastille tarehe 14 Julai 1789 walikuwa kundi moja, kila mmoja akijiona katika mwenzake. Uhuru sasa haukuwa tena mali ya nafsi moja gerezani. Ulikuwa kazi ya wengi.

7. Lumumba: je, ingewezekana vingine?

Ndipo Kongo ilipoingia katika historia ya udhanaishi. Lumumba aliyeandika kitabu gerezani mwaka 1956, akitarajia umoja wa Wabelgiji na Wakongo, si yule aliyesimama mbele ya Mfalme Baudouin tarehe 30 Juni 1960. Katika miaka minne alikuwa amejifanya mtu mwingine, na safari hii hakufuata kielelezo cha mtawala. Usiku wa tarehe 27 Novemba 1960 alitoka katika nyumba yake ya Léopoldville, iliyozungukwa na askari wa Umoja wa Mataifa waliomlinda na wengine waliotaka kumkamata, akaelekea Stanleyville. Alikamatwa mapema mwezi Desemba karibu na mto Sankuru. Inasimuliwa kwamba alikwisha kuvuka, akarudi ng'ambo kwa ajili ya mkewe na mwanawe. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Fanon, aliyekutana na Lumumba mjini Accra mwezi Desemba 1958, aliandika mwezi Februari 1961 makala ambayo kichwa chake kiliuliza kama ingewezekana kutenda vingine. Hakuwalaumu maadui peke yao. Alisema Lumumba alikosea kuuamini Umoja wa Mataifa, na nchi za Afrika zilikosea kupeleka askari wao chini ya bendera hiyo. Kwa maneno mengine, waliotawaliwa nao walikuwa wamechagua, na hivyo walistahili kuulizwa. Kumwondolea mtawaliwa dhamana yote ni kumnyang'anya hata kile ambacho mkoloni hakuweza kukichukua.

Sartre alikuja na jibu jingine mwaka 1963, katika dibaji ya hotuba za Lumumba zilizokusanywa na Jean Van Lierde na kuchapishwa na Présence Africaine. Alimfananisha Lumumba na Robespierre: mtu wa umoja na wa haki za wote, aliyesimama juu ya tabaka ambalo ukoloni ulikuwa umelipa vyeti bila kulipa nguvu ya uchumi. Kwa maoni yake, nia ya Lumumba ilikuwa safi, lakini hali yake ilimnyima mikono ya kuitekeleza. Yule aliyemwambia mwanafunzi wa Paris kwamba hana budi kuchagua tu, sasa alitumia kurasa nyingi kueleza yaliyoufanya uchaguzi wa mtu mmoja ushindwe. Mwaka 1969, akihojiwa, Sartre alistaajabia maandishi yake ya zamani yaliyodai kuwa katika hali yoyote mtu yu huru kuchagua kuwa msaliti au la. Uhuru, alieleza sasa, ni ile hatua ndogo inayomfanya mtu aliyefinyangwa na jamii asirudishe kamili kile alichofinyangwa nacho.

8. Mwangwi katika fasihi

Waandishi wa Kiafrika hawakulipokea fundisho hili kama wanafunzi wanaonakili ubaoni. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi na mwalimu wa Lubumbashi kwa miaka kadhaa, aliandika mwaka 1973 «Entre les eaux», riwaya ya padri Pierre Landu anayeiacha parokia na kujiunga na waasi, kisha akaishia katika nyumba ya watawa. Kila anapochagua, hugundua kwamba lugha anayochagulia ni ya wengine.

Katika Kiswahili, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe (1944–2020) alilipeleka swali hilo kijijini. Rosa katika «Rosa Mistika» (1971) alilelewa kwa ukali wa baba asiyemwachia nafasi ya kuchagua, na alipopata uhuru hakuwa amefunzwa hiari. Kazimoto katika «Kichwamaji» (1974) ana elimu ya kuuliza maana ya maisha, lakini hana jamii ya kuuliza nayo. Wote wawili wanajiua. Tumaini wa «Dunia Uwanja wa Fujo» (1975) anaua ili asinyang'anywe shamba lake, naye ananyongwa. Wahakiki wengine waliona humo kukata tamaa tu. Lakini riwaya hizo zaweza kusomwa kama mashitaka: uhuru wa bendera ulipatikana, na swali la hiari likaachwa kwa kila mtu alibebe peke yake.

9. Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa haionyeshi kwamba Sartre wa 1943 alikosea na Sartre wa 1963 alipata. Kila mmoja alishika upande mmoja wa ukweli. Anayesema kwamba mtu ni huru daima husahau kufuli. Anayesema kwamba mtu ni zao la hali yake humfanyia mfungwa jambo lile lile analofanyiwa na mlinzi, yaani kumhesabu kama kitu. Beauvoir na Fanon walikuwa wa kwanza kuushika uzi kwa ncha zote mbili: hali hubana, na bado ndani ya hali hiyo kuna tendo ambalo ni la mtu mwenyewe, nalo halitimii mpaka wengine nao wawe huru.

Kwa hiyo methali ya Waswahili yafaa kusomwa upya. «Hiari yashinda utumwa» si faraja ya kumtuliza mtumwa akae kimya kwa sababu moyo wake u huru. Ushindi ni jambo linalotendwa, tena hutendwa dhidi ya kitu kilichopo. Mwanafunzi wa Paris alikuwa na njia mbili na mwalimu wa kumwendea. Mtu aliyeurudia mto Sankuru alikuwa na majeshi nyuma yake na familia ng'ambo. Hakuna anayeweza kusema kwamba uhuru wao ulikuwa sawa, wala hakuna anayeweza kusema kwamba yule wa pili hakuchagua.